Bosi anataka niandike "hatari ndogo" kwenye daftari. Nitie sahihi?

Mshauri, salaam.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Tangu mwaka jana nimeajiriwa kama mhandisi wa usalama katika kampuni binafsi hapa Uganda inayokarabati magari ya deraya ya jeshi. Jina la kampuni naomba nisilitaje.

Mkataba wa sasa ni wa magari 12 ya kubeba askari. Kila gari lina mlango mmoja mkubwa wa nyuma, wenye bawaba chini, unaolala hadi ardhini ili askari wapande na kushuka. Mlango una kilo 280 na urefu wa mita 1.8, na unainuliwa na silinda ya hidroliki kwa mgandamizo wa bar 160. Zamani ulikuwa na ndoano mbili za chuma za kuushika ukishafungwa. Nyingi zilikuja zimepinda, mafundi wakazikata, na sasa mlango unashikiliwa na mafuta peke yake. Mipira ya hidroliki, yaani mirija inayopitisha mafuta hadi kwenye silinda, ilinunuliwa mjini.

Mwezi uliopita mpira mmoja ulipasuka gari likiwa limeegeshwa, mlango ukaanguka wote. Bahati nzuri hakukuwa na mtu nyuma. Msimamizi akafunga mpira mwingine mnene zaidi, akaandika "imerekebishwa".

Mkataba wetu unataka daftari la hatari lifuate MIL-STD-882E, kiwango cha jeshi la Marekani cha usalama wa mifumo. Niliandika 1C, yaani hatari kubwa. Meneja wa mradi ananiambia nibadilishe iwe 1E na niiite "ndogo", kwa sababu tumeshabandika maandishi ya onyo na madereva watafundishwa. Anasema magari haya yametembea miaka mingi bila kuua mtu, na kwamba mimi bado mgeni wa kazi. Tunakabidhi baada ya wiki 6.

Jambo la pili: juzi fundi wa kuchomelea alikuta mabomu mawili ya moshi chini ya kiti cha gari moja, akiwa karibu kuwasha moto. Yamewekwa ndani ya kontena la vipuri, jirani na mitungi ya gesi.

Nina familia, na kazi ya namna hii haipatikani kila kona. Nifanyeje?

Mhandisi, Mkoa wa Kati

*

Ndugu Mhandisi,

Ukurasa huo usiutie sahihi kama ulivyo. Ila kukataa peke yake hakutamwokoa askari atakayesimama nyuma ya gari hilo, kwa hiyo yako mambo ya kufanya, na mengine ni ya leo hii.

La kwanza, milango yote 12 ilazwe chini, ibaki chini kila gari linapoegeshwa. Mlango uliokwisha kulala hauwezi kumwangukia mtu. Gari likihitaji kusogezwa mlango ukiwa juu, ufungwe kwa mnyororo na pingu za chuma za kuungia mnyororo, zilizoandikwa uwezo wa tani 1 au zaidi, kutoka sehemu ya juu ya mlango hadi kwenye bodi. Bolti ya kawaida na waya wa kufungia mizigo havifai. Hili halihitaji kibali cha meneja wala bajeti.

La pili, mabomu ya moshi. Asiyaguse mtu, asiyahamishe mtu, hata kwa nia njema. Toeni watu, ondoeni chochote chenye moto karibu na kontena, na simamisheni uchomeleaji wote mahali hapo. Piga simu kwa afande anayesimamia mkataba upande wa jeshi, aombe fundi wa risasi na milipuko aje kuyachukua. Mitungi ya gesi iacheni ilipo mpaka fundi huyo aseme isogezwe vipi. Kuanzia sasa gari lolote lisivuke geti la karakana bila cheti kilichotiwa sahihi na kikosi kilicholileta kwamba limekaguliwa na halina risasi wala kilipuzi: chini ya viti, ndani ya masanduku ya pembeni, kwenye mirija ya mabomu ya moshi, chini ya sakafu. Hata likiwa na cheti, watu wawili wenu walikague tena kabla halijaguswa na moto.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana juu ya vilipuzi vilivyohifadhiwa vibaya. Maghala ya jeshi yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam, mwezi wa Aprili 2009, na Gongo la Mboto mwezi wa Februari 2011, na raia wakafa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 2011, huko Mari nchini Kupro, makontena 98 ya baruti na silaha yaliyokaa juani zaidi ya miaka miwili yalilipuka, yakaua watu 13 na kuharibu vibaya kituo kikubwa cha umeme kilichokuwa jirani. Baruti inazeeka: joto hula kemikali inayoituliza, na kontena la chuma juani ni tanuri. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kuhifadhi risasi, IATG, hukadiria umbali kati ya ghala la vitu vinavyolipuka kwa pamoja na nyumba za watu kwa kuzidisha 22.2 na kipeuo cha tatu cha uzito wa kilipuzi kwa kilo. Kilo 8,000 zinadai mita 444, na vipande vya chuma vinavyoruka vina umbali wake wa chini juu ya huo. Karakana yenu haikujengwa kwa hesabu hizo, wala haipaswi kuanza kuzipiga. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna kilipuzi kinachoingia kabisa.

Sasa turudi kwenye mlango, maana hapo ndipo meneja wako amekosea, na unaweza kumwonyesha kwa jedwali la kiwango chenyewe.

Katika MIL-STD-882E namba 1 ni madhara ya kifo. Herufi ni uwezekano: A mara kwa mara, B kuna uwezekano mkubwa, C mara moja moja, D nadra, E nadra mno kiasi cha kutotarajiwa. Ukienda kwenye safu ya kifo, 1A, 1B na 1C ni hatari kubwa, 1D ni nzito, na 1E ni ya kati. Hakuna mahali popote kwenye safu ya kifo panaposema "ndogo". Njia pekee ya kutoka ni kuifuta hatari yenyewe, ndiyo herufi F. Kwa hiyo hata kama ungekubali E ya meneja, neno analotaka uandike haliko katika kiwango mlichosaini kwenye mkataba. Mkaguzi wa mteja anayejua kazi yake atalikuta hilo ndani ya dakika tano.

Halafu E yenyewe. Kiambatisho cha kiwango hicho kinaipa namba: chini ya 1 katika milioni kwa maisha yote ya kifaa kimoja. Tuseme mfungue na kufunga mlango mara 200 bila hitilafu. Takwimu zinaruhusu kusema nini? Ukipata sifuri katika majaribio n, kiwango cha juu cha hitilafu kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban 3 gawanya kwa n. Kwa 200 inakuwa 1.5 katika 100 kwa kila ufunguzi. Kutoka hapo hadi 1 katika milioni ni mbali sana, na ninyi si kwamba mna sifuri. Mpira mmoja umeshapasuka katika magari 12, hata kabla hayajakabidhiwa.

Hapa uwe mwangalifu na hesabu yako mwenyewe. Mpira kupasuka bado si ajali. Ajali ni mpira kupasuka mtu akiwa kwenye eneo ambalo mlango unaangukia, kwa hiyo lazima uzidishe na muda ambao watu wanakaa hapo. Andika bila kupunguza: askari wanapanga foleni nyuma kabla ya kupanda, mafundi wanapita nyuma siku nzima, na gari likiegeshwa juani watu hukaa kwenye kivuli chake. Ukiandika haya, 1C yako itasimama yenyewe. Mtu akitaka kushusha herufi, alete ushahidi unaoishusha.

Andika pia nguvu ya kitu chenyewe, kwa sababu mikutanoni "mlango" unasikika kama kitu chepesi. Bamba la mita 1.8 lenye bawaba chini, likianguka toka wima bila kizuizi, ncha yake inafika ardhini kwa mita 7.3 kwa sekunde, karibu kilomita 26 kwa saa. Uzito nyuma yake ni kilo 280. Hakuna helmeti ya kukinga hilo, na hakuna maandishi ya onyo yanayosomwa na mtu aliyeupa mlango mgongo.

Ndiyo maana kiwango kina mpangilio wa hatua, na maonyo, mafunzo na vifaa vya kujikinga viko mwisho. Kwanza ondoa hatari kwa kuchagua muundo mwingine: milango miwili ya kufunguka pembeni ingeimaliza kabisa. Kwa wiki 6 huenda haiwezekani, lakini iandike, na uandike kwa nini imeachwa. Kisha punguza kwa kubadili muundo, kisha kwa kifaa cha kihandisi, kisha king'ora au taa. Ninyi mmeruka yote mkaangukia kwenye stika.

Mapendekezo yako kwa meneja yawe haya, na yote yanaingia ndani ya wiki 6.

Rudisheni ndoano mbili, moja kila upande, zinazojifunga zenyewe mlango unapofika juu na zinazofunguliwa kwa mkono pembeni mwa gari, si nyuma. Kila moja iweze kubeba mzigo wote wa mlango peke yake. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kuchonga sehemu hizo vizuri, lakini chuma kiwe na cheti cha daraja lake, maana chuma cha chakavu kinaweza kufanana na kizuri kwa macho na kikavunjika kwa kugongwa. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Funga vali ya kuzuia mpasuko, iskurubiwe moja kwa moja kwenye tundu la silinda. Ikiwekwa upande wa pili wa mpira haina kazi, kwa kuwa mpira ndio unaopasuka. Ujue pia udhaifu wake: vali hii hujifunga mafuta yanapotoka kwa kasi kuliko ilivyopangiwa. Mpira ukivuja polepole vali haitashtuka, na mlango utashuka kidogo kidogo. Kwa hiyo vali haichukui nafasi ya ndoano. Ongeza kizuizi cha mtiririko ili mlango ushuke kwa sekunde 8 hadi 10, na swichi ambayo mwendeshaji lazima aendelee kuibonyeza, iliyowekwa mahali anapouona mlango.

Mipira yenyewe ikaguliwe mmoja mmoja. "Mnene zaidi" si kipimo. Soma maandishi ubavuni: mgandamizo wa kazi usiwe chini ya bar 160, na mgandamizo wa kupasuka uwe mara 4 ya huo, yaani bar 640. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa hapo hapo. Usiokuwa na maandishi, utoeni. Kisha fuateni njia unayopita. Mara nyingi mpira wa mlango hufa mahali pamoja: unapopinda kupita ukingo wa bamba, mlango ukiinuka na kushuka, ukingo unaukwaruza ngozi hadi nyuzi za waya zionekane. Ule uliopasuka mnao? Kama haujatupwa, ukate sehemu ya mpasuko, uuwekee lebo ya gari na tarehe, uutunze. Pasuko katikati penye mkwaruzo lina sababu tofauti na kuchomoka kwenye kiungo, na "imerekebishwa" haisemi ni lipi. Mkiwa mnatafuta uvujaji tumieni kipande cha kadibodi, kamwe msipapase kwa mkono: mafuta ya bar 160 yakitoka kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama linaonekana dogo.

Halafu jaribio. Zungushia kamba mita 5 kila upande, weka minyororo itakayoukamata mlango ukishuka sentimita 30. Msikate mpira: fungeni bomba la kufungulia ghafla kwenye laini na mwendeshaji awe mbali. Ndoano zikiwa zimefunguliwa, fungua bomba lote, pima mlango umeshuka kiasi gani kabla ya vali kujifunga. Rudia mafuta yakiwa ya baridi asubuhi, na tena yakiwa ya moto baada ya kazi, kwa kuwa mafuta ya baridi hutiririka kwa uzito kuliko ya moto, na hilo hubadilisha vali inavyoshtuka. Kisha fungua bomba kidogo tu, vali isishtuke, ndoano zikiwa zimefungwa: mlango usisogee. Gari kwa gari, na matokeo yaandikwe kwa namba. Majaribio haya hayakupi E kwa takwimu, lakini ukiwa na vizuizi viwili visivyotegemeana, kila kimoja kimejaribiwa, una hoja ya D. Hiyo bado ni hatari nzito, na iandikwe hivyo.

Kuhusu "yametembea miaka mingi". Hoja hiyo ina historia ya kusikitisha. Tarehe 2 Septemba 2006 ndege ya kijeshi ya Uingereza aina ya Nimrod, XV230, ilishika moto angani karibu na Kandahar, Afghanistan, watu wote 14 wakafa. Ndege hizo zilikuwa na hati kamili ya usalama. Ripoti ya uchunguzi ya Charles Haddon-Cave, iliyotoka Oktoba 2009, ilionyesha kwamba walioiandaa walianza wakiamini ndege ni salama kwa vile imeruka miaka 30, na hatari nyingi ziliachwa bila kufungwa. Na magari yenu hata hayana hoja hiyo. Yalitembea miaka mingi yakiwa na ndoano, na ndoano mmezikata ninyi.

Sasa sahihi, ambayo ndiyo inayokunyima usingizi. Wewe na meneja mmechanganya sahihi mbili. Ya mhandisi wa usalama inasema: nimechambua, na hiki ndicho nilichokiona. Ya kukubali gari litumike pamoja na hatari iliyobaki ni ya mwenye mamlaka aliyetajwa kwenye mkataba, na kwa hatari kubwa na nzito MIL-STD-882E inataka mwakilishi wa watumiaji, hapo ni jeshi, akubali rasmi kabla ya uamuzi. Meneja akitaka kuendelea ana njia halali: anapeleka hatari kama ilivyo kwa mwenye mamlaka, na huyo anaamua akijua. Asichoweza ni kukutumia wewe kuipunguza kwa kalamu ili isifike huko. Mwandikie barua fupi, bila hasira, kama hivi:

"Mzee, kuhusu hatari ya mlango wa nyuma: tathmini yangu inabaki 1C, hatari kubwa, kwa sababu mpira mmoja umepasuka, ndoano zimeondolewa, na hakuna jaribio la vizuizi. Naambatanisha hatua za kihandisi, muda wake na jaribio la kuthibitisha. Zikikamilika nitaipitia upya kwa ushahidi. Ikiamuliwa kukabidhi kabla ya hapo, naomba uamuzi wa maandishi wa mwenye mamlaka ya kukubali hatari, pamoja na kauli ya mwakilishi wa jeshi."

Mpe mkononi na ubaki na nakala iliyopokelewa. Mwombe mkutano, nenda na orodha ya vipuri na bei tayari. Mara nyingi meneja anayekataa hatari ni meneja asiyeona njia ya kumaliza kazi kwa wakati. Kama daftari liko kwenye kompyuta, badiliko lolote la herufi liwe na jina la aliyebadilisha, tarehe na sababu. Akilibadilisha mwenyewe, jina lako lisibaki kwenye mstari huo.

Kwa usalama wa mafundi unayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, na idara yake iko Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mkiwa wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama ni lazima iwepo. Peleka hoja ya mabomu na ya mlango huko, ziingie kwenye kumbukumbu. Ukizibiwa njia zote za ndani, Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa ya 2010 inaitambua ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, kama moja ya mahali pa kupeleka taarifa. Lakini kazi yako ni ya ulinzi: usitume michoro, picha za magari wala namba zake kwa WhatsApp, kwa mwandishi wa habari au kwa rafiki, hata ukiwa na haki. Zungumza na wakili kwanza, na utoe maelezo ya hatari tu, kwa mwenye mamlaka ya kuyapokea.

Jambo la mwisho ni hadhi yako. Hukusema kama umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kama bado, mwambie mwajiri kwa maandishi kwamba daftari hili linahitaji kupitiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na uombe ateuliwe sasa, kabla ya majaribio kuanza. Ashuhudie majaribio ya magari mawili ya kwanza kwa macho yake, kisha atie sahihi matokeo chini ya sahihi yako.

Mshauri